Msitu wa Arabuko-Sokoke: Ziara, Hatari Zinazoukabili na Nafasi ya Kiswahili katika Uhifadhi Wake

Utangulizi

Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Methali hii hutolewa kuonyesha kwamba mara nyingi neema huwa mahali ambapo hapana wa kuitumia. Katika pwani ya Kenya, hata hivyo, wakati umeipindua methali hii. Miti ingalipo, lakini wajenzi ni tele: yupo ajengaye nyumba, yupo achongaye vinyago, yupo achomaye makaa, yupo atafutaye shamba, na hata atafutaye mafuta chini ya mizizi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio katika Kaunti ya Kilifi, ndio mfano ulio wazi zaidi wa hali hii.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, yanamwongoza msomaji katika ziara ya msitu huu ili aufahamu jinsi ulivyo. Pili, yanachunguza hatari zinazoukabili na chanzo cha kila moja. Tatu, yanajadili nafasi ya Kiswahili katika kuuhifadhi. Hoja kuu ni kwamba msitu utasalia pale tu ambapo jirani yake anafaidika zaidi na mti uliosimama kuliko mti uliolala, na ambapo jirani huyo anaweza kuutetea msitu kwa lugha anayoielewa. Uhifadhi unaozungumzwa kwa lugha ya ofisini peke yake huwa ni uhifadhi wa nusu.

Ufafanuzi wa Istilahi

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi huyatumia kana kwamba yana maana moja. Msitu ni eneo la miti mingi iliyosongamana. Mwitu hutumika pwani kwa maana iyo hiyo, ingawa katika Kiswahili sanifu neno hili limebakia hasa katika virai kama vile mnyama wa mwitu na nguruwe mwitu. Kichaka ni mkusanyiko wa miti mifupi na vijiti vilivyofumana. Nyika ni uwanda mkavu ulio nyuma ya ukanda wa pwani, wenye vichaka na miti ya hapa na pale. Neno hili ndilo lililozaa jina Wanyika, ambalo Wamijikenda walipachikwa na wengine, nao wakalikataa kwa kuwa lilibeba dharau. Kaya, kwa upande wake, ni makazi ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu, ambayo baada ya watu kuhama yalibakia kuwa mahali patakatifu chini ya ulinzi wa wazee.

Arabuko-Sokoke ni msitu mkavu wa pwani. Ukavu huu haumaanishi kwamba miti yake imekauka. Maana yake ni kwamba miti hiyo imejifunza kuishi kwa mvua chache. Upande wa mashariki, karibu na bahari, mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka; upande wa kaskazini-magharibi hushuka hadi kiasi cha milimita 600. Tofauti hii ya mvua, pamoja na tofauti ya udongo, ndiyo inayoufanya msitu mmoja uwe kama misitu mitatu.

Mahali na Historia

Msitu huu uko takriban kilomita 110 kaskazini mwa Mombasa, katikati ya miji ya Kilifi na Malindi. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 420. Ndio msitu mkubwa zaidi wa asili uliosalia kwa umoja wake katika pwani ya Afrika Mashariki, kwani misitu mingine ya aina hii, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, imebakia vipande vipande. Kwa hiyo, anayeutazama Arabuko-Sokoke anatazama mabaki ya kitu ambacho zamani kilikuwa kikubwa zaidi.

Majirani wa msitu kwa wingi ni Wagiriama, lakini wapo pia Wasanye, ambao hujiita Wawaata, jamii iliyosifika kwa uwindaji. Husemwa kwamba neno Arabuko lina uhusiano na neno arba, ambalo katika lugha ya Kioromo na ya Wawaata lina maana ya ndovu. Ndovu wangalimo msituni hadi leo. Mashariki ya msitu upo mji wa kale wa Gede, uliostawi tangu karne ya 12 hadi ya 17 na ambao magofu yake yalianza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948. Magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Miti iliyoota ndani ya misikiti na nyumba za Gede huukumbusha umma kwamba mji unaweza kufa na msitu ukaurithi. Swali la zama hizi ni kama msitu nao unaweza kufa, na kama ndivyo, nani ataurithi.

Serikali ya kikoloni iliutangaza Arabuko-Sokoke kuwa msitu wa Taji mwaka 1932, na mwaka 1943 ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi katika gazeti la serikali. Tarehe hizi hazieleweki vyema bila kukumbuka yaliyotangulia. Mnamo 1913 na 1914 Wagiriama, wakiongozwa na Mekatilili wa Menza miongoni mwa wengine, walipinga kodi na kazi za kulazimishwa. Waingereza walijibu kwa kuchoma nyumba, kuwahamisha watu na kuilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Serikali iliyoilipua kaya ndiyo iliyokuja baadaye kuwaambia wenyeji kwamba msitu mwingine ni mwiko kuuingia bila kibali. Si ajabu, basi, kwamba kwa miongo mingi mpaka wa hifadhi ulionekana na baadhi ya majirani kama mpaka wa kunyang'anywa, wala si wa kulindwa. Kumbukumbu hii ni sehemu ya historia ya msitu sawa na miti yake.

Ziara ya Msitu: Kanda Tatu

Mgeni anayetoka Mombasa kwa barabara ya Malindi hufika katika kituo cha msitu cha Gede kabla ya njia panda ya Watamu. Inashauriwa afike alfajiri au alasiri, maana jua la mchana huwanyamazisha ndege. Inashauriwa pia aongozwe na mwelekezi wa msitu aliyefunzwa, kwa sababu njia ni nyingi, ndovu wamo, na jicho lisilozoea hupita karibu na mengi bila kuyaona.

Ukanda wa kwanza ni wa msitu mseto, ulio upande wa mashariki. Humu miti ni ya namna nyingi na kivuli ni kizito. Unapatikana mbambakofi, ambao Tanzania huitwa mkongo, na ambao mbao zake zimetengeneza milango na samani za pwani kwa karne nyingi. Unapatikana pia msandarusi, mti utoao sandarusi, utomvu mgumu uliokuwa bidhaa kubwa katika biashara ya Zanzibar ya karne ya 19. Mgurure nao umo, wenye mbao ngumu ipendwayo na wachongaji.

Mgeni akiendelea kuelekea magharibi, ardhi hubadilika ghafla kuwa mchanga mweupe, na kivuli hupungua. Hapa ndipo mrihi unapotawala. Mrihi ni katika jamii ya miti inayounda misitu ya miombo ya Tanzania na nchi zilizo kusini yake. Miti husimama mbalimbali, nyasi huota chini yake, na mwanga hupenya mpaka ardhini. Katika nyasi hizo huishi ndege mdogo wa kahawia ajulikanaye kwa jina la Sokoke, ambaye watazamaji wa ndege husafiri kutoka mbali kuja kumwona.

Ukanda wa tatu ndio mkubwa kuliko yote, nao upo upande wa magharibi kwenye udongo mwekundu. Hapa mti mkuu ni mfunda, ukifuatana na vichaka vinene na, katika sehemu zilizosalimika, muhugu. Miti ya ukanda huu haivutii macho ya mgeni mara moja. Ni mifupi, imekonda na imefumana hata mtu hawezi kupenya. Hata hivyo, ndimo mlimo hazina ya msitu, kama itakavyoelezwa.

Kabla ya kurudi, mgeni hupelekwa Nyari, mahali palipoinuka. Akisimama hapo huona kilele cha msitu kikitanda chini yake hadi kwenye hori la Mida lenye mikoko, kisha Bahari ya Hindi. Kwa mtazamo mmoja hufahamu kwamba nyika, msitu, mikoko na bahari si vitu vinne vilivyotengana, bali ni mnyororo mmoja.

Viumbe wa Msitu

Umaarufu wa Arabuko-Sokoke hautokani na wanyama wakubwa. Mgeni aliyezoea mbuga za Tsavo au Maasai Mara huenda akatoka humu akidhani hakuona kitu. Thamani yake iko kwa viumbe wadogo, ambao baadhi yao hawapatikani pengine isipokuwa mahali pachache sana duniani.

Wa kwanza ni bundi mdogo wa Sokoke. Kimo chake ni kiasi cha sentimita 16 hadi 18, na hujificha mchana katika vichaka vya mfunda. Mbali na Arabuko-Sokoke na maeneo ya jirani, anajulikana katika misitu ya chini ya milima ya Usambara ya Mashariki nchini Tanzania. Katika mapokeo ya Waswahili na jamii nyingi jirani, bundi ni ndege wa nuksi, na mlio wake juu ya paa huchukuliwa kuwa habari ya msiba. Ni kinaya kwamba huyu wa Sokoke amekuwa kivutio kinacholeta wageni na riziki. Mtafiti wa fasihi simulizi ana la kuchunguza hapa: je, imani juu ya bundi hubadilika pale ndege huyo anapoanza kuwalipa vijana wanaowaongoza wageni?

Wa pili ni sange mwenye kiuno cha dhahabu. Huyu ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba na kiraka cha manjano mgongoni karibu na mkia. Hula wadudu walio kwenye majani makavu na hujenga viota vyake kwa majani hayo hayo. Wataalamu wa wanyama siku hizi huwaita jamii yake sengi, jina lililotokana na lugha za Kibantu. Hapa ni pahali pamoja ambapo sayansi ya dunia imekopa kutoka kwetu.

Wa tatu ni paa nunga, paa mdogo anayepatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Aidha, msitu una aina zaidi ya 230 za ndege na zaidi ya 250 za vipepeo. Miongoni mwa ndege hao yupo chozi wa Amani, aliyeitwa kwa jina la Amani iliyo Usambara, na mnana wa Clarke, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika Kaunti ya Kilifi.

Hatari Zinazoukabili Msitu

Hatari ya kwanza ni ukataji wa miti unaochagua. Anayeingia msituni na shoka hakati kila mti, bali hutafuta mti wenye jina sokoni. Muhugu ni mzito, una harufu nzuri na hauliwi na mchwa kwa urahisi. Sifa hizi ndizo zilizoufanya upendwe na wachongaji. Uchongaji wa kibiashara wa Wakamba kwa kawaida hunasibishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kutoka kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sanaa hiyo ilipokua na utalii kupanuka, mahitaji ya muhugu na mpingo yalipanda kwa kasi, ilhali muhugu hukua polepole sana. Matokeo ni kwamba msitu unaweza kuonekana mzima kutoka angani huku ndani yake mti mmoja baada ya mwingine umetoweka. Huu ndio uharibifu usioonekana katika picha za setilaiti.

Hatari ya pili ni mitego. Jirani anayetega paa kwa kitanzi cha waya huwa anatafuta kitoweo. Kitanzi hakichagui. Sange hunaswa humo pia, japo si yeye aliyekusudiwa, na mnyama anayezaa mtoto mmoja mmoja hawezi kustahimili hasara ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Hatari ya tatu ni kuni na makaa. Familia zinazouzunguka msitu, katika vijiji zaidi ya 50, hutegemea sana kuni kwa kupikia. Mvua zinapokosekana, kama ilivyotokea katika sehemu kubwa ya pwani ya Kenya kati ya 2020 na 2022, mahindi hukauka shambani, na gunia la makaa huwa ndilo zao pekee lisilohitaji mvua. Kwa hivyo ni kosa kumweleza mchoma makaa kama mwovu tu. Mara nyingi ni mkulima aliyefilisika. Sheria inayomfunga bila kumpa njia nyingine huhamisha tatizo kutoka msituni hadi gerezani, kisha humrudisha msituni.

Hatari ya nne ni mgongano wa watu na ndovu. Kwa miaka mingi ndovu walitoka usiku wakala mahindi na kuangusha minazi. Ua wa umeme uliowekwa umepunguza hasara hiyo, lakini ua huhitaji kutunzwa, na waya unaokatika au kuibwa hufungua mlango kwa pande zote mbili.

Hatari ya tano hutoka mbali zaidi, nayo ni mipango mikubwa ya kiuchumi. Mwaka 2014 ilikusudiwa kufanywa uchunguzi wa mafuta kwa mitetemo ya ardhi ndani ya msitu. Wakazi na watunza mazingira walipinga, na uchunguzi huo ukasitishwa. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, karibu na hori la Mida, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nguvu za nyuklia katika eneo lao. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu mafuta au nyuklia. Lililo wazi ni kwamba katika visa vyote viwili sauti ya jirani ndiyo iliyosikika kwanza.

Hatari ya sita ni kuulinda msitu mmoja na kuusahau mwingine. Mnana wa Clarke huonekana Arabuko-Sokoke, lakini kwa muda mrefu haikujulikana anazalia wapi. Mwaka 2013 viota vyake viligunduliwa katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki, katika ardhi isiyo na ulinzi wa hifadhi na ambayo miti yake hukatwa kwa makaa na mashamba. Ndege hajui mpaka wa serikali. Ua ulio imara kuzunguka Arabuko-Sokoke hautamwokoa iwapo kinamasi cha Dakatcha kitalimwa.

Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Yapo yaliyofanywa. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede. Wakulima walio kando ya msitu hufuga viwavi vya vipepeo, kisha huuza vifukofuko vyao, yaani pupa, ambavyo husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mantiki yake ni rahisi: kiwavi wa kila kipepeo hula majani ya mti wake maalum, na mti huo ukitoweka, kipepeo hutoweka na fedha zake hutoweka. Mkulima wa vipepeo ana sababu ya mfukoni ya kuuchunga msitu.

Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa ASSETS. Ada wanazotoa wageni, kwa mfano wanapopita kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko ya Mida, huchangia karo ya wanafunzi wa shule za upili kutoka familia zinazopakana na msitu na hori. Hapa methali ya mgeni njoo mwenyeji apone hupata maana halisi. Mzazi ambaye mwanawe amelipiwa karo kwa sababu ya bundi na mikoko huupima mti kwa kipimo kingine.

Kwa upande wa uchongaji, tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia miti inayokua haraka, hasa mwarobaini na mwembe, badala ya muhugu. Mwarobaini, ambao jina lake hutokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini, umeenea pwani nzima na hauna uhaba. Kinyago cha mwarobaini kinampa mchongaji riziki bila kumgharimu bundi makazi yake.

Kisheria, Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa majirani haki ya kuunda vyama vya kijamii vya misitu na kushirikiana na serikali katika usimamizi, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ikaendeleza haki hiyo. Hata hivyo, mafanikio haya yana udhaifu mmoja. Mapato yanayotegemea wageni na masoko ya nje hukatika wageni wanapokatika, kama ilivyodhihirika mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Kwa hivyo, faida ya kifedha ni nguzo muhimu, lakini haiwezi kuwa nguzo pekee. Inahitajika nguzo nyingine, nayo ni watu kuuona msitu kuwa wao. Hapo ndipo lugha inapoingia.

Nafasi ya Kiswahili

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 69 inaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Ibara hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Mtu hawezi kushiriki katika mjadala asiouelewa. Mpango mkuu wa usimamizi wa Arabuko-Sokoke uliandaliwa kwa kipindi cha 2002 hadi 2027, na uliandikwa kwa Kiingereza. Mpango utakaoufuata utaamua nani aingie msituni, achukue nini na kwa masharti gani. Iwapo utajadiliwa kwa Kiingereza pekee, mkulima wa Jilore au Dida atahesabiwa kuwa ameshirikishwa kwa sababu alitia sahihi katika orodha ya waliohudhuria. Hiyo ni dhihaka ya ushirikishwaji.

Zipo kazi tatu ambazo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuzifanya. Ya kwanza ni tafsiri: kuiweka mipango, ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira na matangazo ya serikali katika Kiswahili kinachoeleweka kijijini, si Kiswahili kilichojaa istilahi zisizomfikia msikilizaji.

Ya pili ni uchaguzi wa maneno. Lugha haiko katikati bila upande. Mwanasiasa anapoahidi kugawa ardhi, neno hilo husikika kama ukarimu. Jambo lilo hilo likiitwa kumega msitu, msikilizaji huanza kuuliza nani anamega, na kinachobakia ni kiasi gani. Vilevile, anayeitwa mwizi wa miti na wengine huitwa mtafuta riziki na jirani zake. Mwanafunzi wa isimujamii ana wajibu wa kuonyesha jinsi kila neno linavyobeba upande, ili wananchi wapime hoja yenyewe badala ya kuongozwa na jina lake.

Ya tatu ni kukusanya msamiati. Msomaji akifungua kamusi za Kiswahili, mara kwa mara atakuta mti umefafanuliwa kwa maneno mawili: aina ya mti. Fafanuzi kama hizi hazimwambii mtu mti huo uko wapi, hutumiwa kwa nini, wala huitwaje na majirani. Mzee wa Kigiriama au wa Kiwaata aliyekulia kando ya Arabuko-Sokoke hujua upi huota kwenye mchanga mweupe na upi kwenye udongo mwekundu, upi hutoa dawa na upi huvutia nyuki. Maarifa hayo yamo katika majina. Muhugu ukiisha msituni, neno muhugu litabakia kwenye kamusi kama jina la marehemu lisilo na kaburi. Na mzee akifariki kabla ya kuulizwa, mti utabakia umesimama bila mtu wa kuuita. Hasara hizi mbili hulandana, na kila moja huharakisha nyingine, kwani kitu kisicho na jina ni rahisi kukikata.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Arabuko-Sokoke si kichaka kisicho na mwenyewe, bali ni msitu wenye kanda, viumbe, historia na majirani. Yameonyesha pia kwamba hatari zake hazitokani na uovu wa watu wachache, bali hutokana na soko linalolipa mti uliolala, umaskini unaozidishwa na ukame, kumbukumbu ya kunyang'anywa, na maamuzi yanayofanywa mbali kwa lugha ya mbali. Dawa yake, basi, haiwezi kuwa askari na waya pekee. Mradi wa vipepeo na karo za wanafunzi vimethibitisha kwamba mti uliosimama unaweza kulipa. Kilichobakia ni kumpa jirani neno katika mjadala, na neno hilo kwa wengi ni la Kiswahili. Mwaka 2027 hauko mbali. Idara za Kiswahili zinazongoja kualikwa zitachelewa. Zinazoanza sasa kukusanya majina, kutafsiri nyaraka na kuketi na wazee zitakuwa zimeutendea msitu na lugha wema kwa wakati mmoja.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza jinsi methali "Penye miti hapana wajenzi" inavyoafiki au kupingana na hali ya misitu ya pwani ya Kenya leo.

2. Linganisha ulinzi wa kaya uliotegemea miiko na wazee na ulinzi wa hifadhi unaotegemea sheria na ua. Kila mmoja una nguvu na udhaifu gani?

3. Chagua majina matano ya miti kutoka eneo lenu. Yatafute katika kamusi, kisha linganisha fafanuzi zake na maelezo ya mzee anayeifahamu miti hiyo.

4. "Kugawa ardhi" na "kumega msitu" ni misemo inayoweza kurejelea tendo moja. Jadili athari ya kila mmoja kwa msikilizaji.